Kuruka na Kutua

Kuruka ni mchezo usiotaka mali. Hautaki mpira, wala wavu, wala kiwanja kilichopigwa chokaa. Mtoto akiisha kujua kusimama huanza kurukaruka, na hapana mzazi aliyemfundisha. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani ya kuwa kuruka si jambo la kusomwa. Sisi twaona sivyo. Kuruka kuna kanuni zake, na tangu miaka ya 1960 wataalamu wa nchi nyingi wamezichungua kanuni hizo kwa bidii, hata wamepata kujua mambo yatupasayo walimu na wazazi kuyafahamu. Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo hayo, kwa maana yametokea maneno mengi vijijini juu ya michezo ya watoto, hasa ya wasichana.

Maneno yenyewe ni ya namna mbili. Wako wazee wasemao ya kuwa kuruka huharibu magoti, na ya kuwa msichana arukaye atadhurika katika uzazi wake. Hao wangependa michezo ya namna hii iondolewe shuleni kabisa. Tena wako walimu vijana waliosikia habari za mazoezi ya warukaji wa Ulaya, nao huwarukisha watoto kila siku, toka kila mahali palipo juu, wakidhani ya kuwa wingi wa miruko ndio wingi wa nguvu. Wa kwanza huogopa kisichowapasa kuogopa, na wa pili hawaogopi kiwapasacho.

Wala hili si neno la kubuni. Katika shule moja tuijuayo, mwalimu kijana aliwapandisha watoto juu ya ukuta wa tangi la maji, akawaamuru kuruka hata uani penye saruji, na kuruka tena juu mara watuapo. Alifanya hivyo siku tano mfululizo, maana mashindano ya netiboli yalikuwa karibu. Siku ya tano binti mmoja, aliyekuwa mfungaji wao, alitua magoti yakiwa yameingia ndani, akaanguka. Goti likafura, asiweze kulikunja, akakaa nje ya uwanja muhula mzima. Baba yake akasema hatacheza tena, na wazee wengine wakataka netiboli ikomeshwe kwa wasichana wote. Mtu akiona moto umeunguza nyumba, haifai kuwakataza watu wote kupika. Yafaa kuwafundisha namna ya kuuangalia moto. Basi na tuutazame moto huu.

Kwanza, ni nini impayo mtu nguvu ya kuruka? Msomaji aweza kujipima mwenyewe. Asimame karibu na ukuta, apake vidole vya mkono chokaa. Achuchumae nusu, akae hivyo kimya mpaka ahesabu tatu, kisha aruke bila kujishusha tena, aguse ukuta juu awezapo. Halafu asimame wima, ajishushe upesi na kuruka papo hapo bila kungoja, aguse tena. Kwa watu walio wengi alama ya pili itakuwa juu ya ile ya kwanza, ijapokuwa miguu ni ile ile na mtu ni yule yule. Wahenga walinena, Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Twaweza kuongeza ya kuwa mtaka cha juu naye sharti ainame kwanza, tena ainame upesi.

Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, mtu ajishushapo upesi, misuli ya mapaja na ya mashavu ya miguu hukaza ili kuuzuia mwili usianguke. Basi wakati wa kupanda ufikapo, misuli imekwisha kukaza tayari, haianzi kazi katika ulegevu. Ya pili ni kano. Kano ni zile kamba ngumu nyeupe zifungazo misuli kwenye mifupa, na iliyo kubwa kupita zote ni ile ya nyuma ya kisigino. Kano hizo huvutika kidogo, kisha hurudi kwa nguvu, kama mpira wa manati. Mtoto avutaye manati huweka nguvu ya mkono wake ndani ya mpira, na mpira huirudisha kwa jiwe. Vivyo hivyo uzito wa mwili ushukao huwekwa ndani ya kano, na kano huurudisha katika kupanda. Ya tatu ni mishipa ya fahamu. Msuli ukivutwa ghafula, habari hupelekwa kwenye uti wa mgongo, nao huuamuru msuli kujikunja, hata mtu mwenyewe asijekuwa na nafasi ya kufikiri. Daktari agongapo chini ya kilemba cha goti kwa kinyundo chake na mguu ukaruka wenyewe, ni jambo hili hili alipimalo.

Lakini nguvu hiyo ya kuvutika haingoji. Mtu akikaa chini kwa kitambo, hupotea, kama vile joto lipoteavyo katika chungu kilichoepuliwa. Katika miruko ya upesi mguu hukaa juu ya ardhi kwa muda usiopata robo ya sekunde. Nayo ndiyo maana ya mazoezi yote ya namna hii, yaani kuufundisha mwili kupokea uzito, na kuurudisha upesi bila kuumia.

Aliyeyatengeneza mazoezi hayo kwa utaratibu alikuwa Yuri Verkhoshansky, mwalimu wa warukaji huko Moscow, katika miaka ya 1960. Aliona ya kuwa katika mruko wa hatua tatu mguu hupokea mshindo mkubwa mno kupita uzito wa mtu, akatafuta njia ya kuwazoeza wanafunzi wake mshindo huo. Akawafanya washuke toka mahali palipoinuka, na mara waguse ardhi waruke juu. Mwaka 1975 Mmarekani mmoja, Fred Wilt, ambaye zamani alikuwa mkimbiaji katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948 na 1952, aliyapa mazoezi haya jina la pliometriki, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuzidisha kipimo.

Jina ni geni, walakini jambo lenyewe si geni katika Afrika ya Mashariki. Kila amtazamaye moran wa Kimasai katika mruko wa adumu ataona ya kuwa hupanda na kushuka juu ya nyayo za mbele, wala visigino havigusi ardhi, na mwili hukaa wima kama mkuki. Huko Rwanda vijana waliruka juu ya ufito katika mchezo ulioitwa gusimbuka urukiramende. Mwaka 1907 Adolf Friedrich, mwana wa watawala wa Mecklenburg huko Ujerumani, alifika kwa mfalme wa Rwanda pamoja na wenzake, wakaupiga picha mchezo huo, naye aliandika ya kuwa ufito uliwekwa juu hata kadiri ya meta 2.50. Warukaji walikanyaga kichuguu kidogo walipoondoka ardhini, kwa hiyo haifai kuilinganisha sawasawa na meta 2.45 aliyoiruka Javier Sotomayor wa Kuba mwaka 1993. Lakini yatosha kuonyesha ya kuwa hatukungoja kitabu cha mtu ye yote ili tujue kuruka.

Tulichokosa kujua ni namna mwili ubadilikavyo mtu aendeleapo katika mazoezi. Na hapa twamwomba msomaji asikilize sana, maana ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwili haubadiliki wote kwa mwendo mmoja. Sehemu zake zapata nguvu moja baada ya moja, na baina ya ile ya kwanza na ile ya mwisho ndipo hatari ilalapo.

Mishipa ya fahamu ndiyo hutangulia. Katika majuma machache ya kwanza mtoto ataruka juu kupita mwanzo, ijapokuwa misuli yake haijanenepa hata kidogo. Ubongo umejifunza kuiita misuli mingi kwa pamoja, tena kuiita mapema. Maana mrukaji aliyezoea hukaza misuli yake kabla mguu haujagusa ardhi, kama mdaka mpira afunguavyo vidole mpira ungali hewani. Mtoto asiyezoea hukaza kwa kuchelewa, naye hutua kama mzigo.

Misuli hufuata. Hiyo yaongezeka nguvu kwa majuma na miezi, kwa kuwa ina damu nyingi na hujengeka upesi, mradi mtoto apate chakula na usingizi.

Kano na mifupa ndizo huja nyuma. Kano zina damu kidogo, na matengenezo yake ni ya pole pole, ya miezi mingi. Wataalamu watatu wa Copenhagen huko Denmark, Magnusson, Langberg na Kjaer, walieleza mwaka 2010 ya kuwa baada ya zoezi zito mwili hubomoa nyuzi za kano na kujenga nyingine kwa wakati mmoja. Katika saa 24 mpaka 36 za kwanza kinachobomolewa huzidi kinachojengwa. Baadaye ndipo ujenzi huzidi. Basi fikirini, ndugu. Mtoto arukishwaye Jumatatu, na Jumanne, na Jumatano, kila mara hurudishwa kazini fundi angali akibomoa ukuta, bado hajaweka tofali jipya. Hata Ijumaa nyumba imebaki nguzo tupu. Si kuruka kulikomwumiza, ni kunyimwa siku ya kupumzika.

Kwa hiyo katika juma la nne au la tano mtoto huwa kama jembe la kukokotwa lenye maksai walionenepa na mnyororo ule ule mwembamba wa zamani. Maksai wavuta kwa nguvu mpya, mwenye shamba afurahi, na mnyororo hukatika. Mwalimu aonapo ya kuwa watoto wake wamekuwa hodari upesi, huo ndio wakati wa kujizuia, si wakati wa kuzidisha.

Juu ya mifupa kuna jambo la kupendeza lililoonekana huko Japani. Mwaka 1997 mtaalamu Umemura na wenzake walitangaza habari za panya waliofanywa kuruka, wengine mara 5 kwa siku, wengine 10, 20, 40, na wengine mara 100, siku 5 kwa juma, kwa muda wa majuma 8. Mifupa ya wale walioruka mara 5 tu ilizidi kuwa minene na migumu kuvunjika kuliko ya wale ambao hawakuruka, na wale wa mara 100 hawakuwapita sana. Panya si mtoto, wala hatusemi ya kuwa hesabu yao ndiyo hesabu yetu. Lakini twajifunza ya kuwa mfupa husikia mapema. Ukiisha kusikia, kuupigia kelele zaidi hakuongezi mengi.

Sasa twarudi kwa wasichana, ambao ndio asili ya maneno. Ni kweli ya kuwa ndani ya goti kuna kano ifungayo mfupa wa paja pamoja na mfupa wa muundi, na ya kuwa kano hiyo hukatika kwa wasichana mara nyingi kuliko kwa wavulana wachezao mchezo ule ule. Hukatika hasa wakati wa kutua, au wa kusimama ghafula, au wa kugeuka, goti likiwa limenyoka au limelala upande wa ndani. Katika netiboli hatari hiyo ni karibu sana, kwa kuwa sheria haimruhusu mwenye mpira kukimbia nao. Audakapo hewani, hana budi kutua na kusimama papo hapo.

Je, yafaa basi kuwaondoa uwanjani? Tazameni lililoonekana huko Cincinnati, Marekani. Mwaka 1999 Timothy Hewett na wenzake walitangaza habari za wanamichezo vijana 1,263, wachezaji wa mpira wa miguu, wa wavu na wa kikapu. Baadhi ya wasichana walifundishwa kwanza kuruka na kutua kwa muda wa majuma 6 kabla ya mashindano kuanza; wengine hawakufundishwa. Katika msimu ule wasichana wasiofundishwa waliumia magoti kwa kadiri iliyo mara 3.6 ya wale waliofundishwa. Kumbe dawa ya goti ilikuwa katika kitu kile kile kilichoogopwa. Ama neno la uzazi, hapana ushahidi wa kitabibu ya kuwa kuruka humharibia msichana tumbo lake la uzazi.

Twaona ni vema sasa kueleza namna ya kufundisha, ili mwalimu aliye mbali na mji, asiye na kitu ila uwanja wa majani na kamba ya katani, aweze kuanza.

Neno la kwanza ni kutua. Kwa majuma mawili watoto wasifundishwe kuruka juu, wafundishwe kutua tu. Waruke kidogo mahali walipo, watue kwa miguu miwili, nyayo za mbele zikitangulia na visigino vikifuata kwa upole, magoti yakikunjwa na kuelekea vidole vya miguu, matako yakirudi nyuma kama ya mtu aketiye juu ya kigoda, kifua juu, macho mbele. Wakae hivyo mpaka mwalimu ahesabu tatu. Asimame mbele yao ayatazame magoti, kwa maana goti linaloingia ndani huonekana kwa mbele. Tena atumie masikio. Atuaye vema hutua kama paka, na atuaye vibaya husikika mpaka ofisini.

Neno la pili ni daraja. Katika juma la tatu na la nne waruke mbele na upande, wakitua na kutulia kila mara. Katika juma la tano na la sita waunganishe miruko miwili mitatu bila kungoja, na kuruka kamba, ambayo ni mwalimu mwema kuliko wote, maana haimruhusu mtu kupanda sana wala kukawia chini. Baada ya hayo, kwa watoto wakubwa tu, kidato kifupi cha sentimeta 20 au 30 chatosha. Mazoezi ya kushuka toka meta nzima ni ya watu wazima waliojengwa kwa miaka. Verkhoshansky mwenyewe aliyewaruhusu kushuka toka sentimeta 75 mpaka 110 hakutaka wazidishe miruko 40 kwa siku moja ya zoezi, na hao walikuwa mabingwa.

Neno la tatu ni kiasi. Kwa waanzao twaona miruko 40 mpaka 60 kwa siku yatosha, ikigawanywa mafungu madogo yenye mapumziko ya dakika moja au mbili. Kila mguu ugusapo chini ni mruko mmoja, na mwalimu ahesabu. Mtoto akianza kutua kwa kishindo, kazi yake ya siku hiyo imekwisha, hata kama hesabu haijatimia.

Neno la nne ni siku. Mara mbili kwa juma, kama Jumanne na Ijumaa, ili kano zipate saa zake za kujenga.

Neno la tano ni ardhi. Majani mafupi au udongo usio mgumu wafaa. Saruji haifai, na mchanga mwingi nao hautoi faida hii, kwa kuwa hunyonya mshindo na kuukawiza mguu.

Neno la sita ni maumivu. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Lakini goti lililofura, au kifundo kilicho na maumivu kila asubuhi, au kile kinundu kilicho chini ya kilemba cha goti kinapouma kwa watoto wanaorefuka upesi, hayo ni maneno ya mwili kuomba ruhusa. Na aombaye kwa adabu asipojibiwa, siku nyingine hataomba. Mtoto asiyekula tangu jana naye asirukishwe, bali aketi na kuwahesabia wenzake.

Wazazi wapenzi, Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho hakuona haya kuchukua mfano wake katika uwanja wa michezo, na kunena juu ya kujizuia kwao washindanao. Wengi twaukumbuka ushindi katika maneno hayo, na wachache twakukumbuka kujizuia. Mwili aliompa Mungu binti yako haukuumbwa uwekwe kabatini kama sahani ya wageni, wala haukuumbwa utumiwe hata uvunjike kwa ajili ya kikombe cha shule. Mwulizeni mwalimu wa mtoto wenu mambo matatu: awarukisha siku ngapi kwa juma, awarukisha juu ya nini, na je, amewafundisha kutua? Akiwajibu vema, mwacheni binti aende uwanjani kwa amani, na mwende nanyi Jumamosi mkamshangilie. Asipoweza kujibu, msimgombeze. Mpeni gazeti hili asome, kisha mwulizeni tena baada ya juma moja.